Lebo ya kijani si tere: kusoma mwongozo wa Waingereza tukiwa Bukavu

Leo siandiki juu ya mihogo, wala juu ya mbolea, wala juu ya kazi zenye hazipatikane. Naandika juu ya karatasi moja ya kijani, ndogo kama nusu ya kidole, yenye ilikuwa imebandikwa ku ubavu wa etuvi mu labo moja hapa Bukavu. Nitaandika pia juu ya mwongozo wa Waingereza wenye unaeleza kazi ya karatasi ya namna ile. Mwongozo wenyewe ni muzuri, nitausifu. Lakini vile tunabeba lebo huku bila kubeba mwongozo, na vile mwongozo wenyewe unasahau watu kama sisi, hapo njo niko na maneno.

Kwanza niseme mimi ni nani. Niko na lisansi ya agronomia, siko fundi wa umeme. Mafundi wenye wako humu watanisahihisha nikikosea. Lakini kwa jambo hili nilishalipa, ao tuseme vizuri, mtu mwingine alilipa pahali pangu. Njo maana ninasema.

Kisha masomo nilipata staji ya miezi sita ku labo ndogo ya udongo na mbegu. Jina sitalitaja. Mulikuwa etuvi, lile sanduku la chuma lenye tunakaushia sampuli za udongo ku digri 105 mpaka kesho yake. Ilitoka Ulaya, okazyo, na fishi ya Kiingereza, ile ya meno matatu ya mraba. Fishi ile haiingie mu prize zetu. Basi mtu alinunua adaptatere ku soko la Kadutu, ile nyeupe ya bei ya chini, akaichomeka, etuvi ikawaka, watu wakafurahi.

Mama mwenye alikuwa anasafisha labo alipita kila asubuhi na kitambaa cha maji, akipanguza meza na mashini zote. Siku moja aliniita: "Mtoto yangu, hii mashini inanitekenya ku mikono." Nilimujibu nikicheka kidogo: "Mama, usiogope, angalia hapa, waliipima." Nikamuonesha ile lebo ya kijani. Iliandikwa kwa Kiingereza kwamba kifaa kimepita. Yeye hakujua Kiingereza. Aliniamini mimi juu nilisoma.

Siku tisa kisha, kuranti ilimukamata. Alianguka nyuma, ndoo ikamwangika, na ninamushukuru Mungu kwamba kuanguka kwenyewe njo kulitoa mkono wake ku chuma. Hakufa. Lakini mkono wa kuume ulimuuma wiki nyingi, na siku zenye hakufika kazini hazikulipwa. Shefu alisema: "Ni ajali, nani angejua?" Wote tukanyamaza. Mimi nilijua kwamba mtu moja alijua, na alisema, na mimi njo nilimunyamazisha.

Fundi alipofika, alifungua etuvi. Waya wa kupashia moto ulikuwa umechakaa, ulikuwa unagusa mwili wa chuma. Kisha alifungua adaptatere: ndani mulikuwa vipande viwili tu vya shaba. Jino la tatu la fishi, lile la tere, lilikuwa linaingia mu tundu la plastiki lenye halikuunganishwa na kitu. Na mimi, jioni ile, kwa mara ya kwanza nilisoma lebo yote. Ilikuwa na namba ya kifaa, alama za jina la mupimaji, tarehe ya kupima, na tarehe ya kupima tena. Tarehe ile ya pili ilikuwa imepita miaka mitatu. Nilimuonesha mama lebo yenye mimi mwenyewe sikuisoma.

Tangu siku ile nilianza kutafuta: lebo hii inasema nini kweli?

Kule Uingereza kuko sheria ya umeme kazini ya mwaka 1989. Inamuomba mwajiri kutunza vyombo vya umeme ili visilete hatari, kwa kadiri inavyowezekana. Haiseme kupima kila mwaka. Haiseme kubandika lebo. Haiseme pia kwamba ni lazima kufundi wa umeme kufanya kila kitu. Lakini kwa miaka mingi makampuni ya kupima yalizunguka mu maofisi, yakapima kompyuta, taa, birika, ata vyombo vipya vyenye vimetoka mu karto, na kubandika lebo za kijani kila pahali. Watu wakaamini ni sheria. Mu mwaka 2011 serikali yao iliomba profesa Ragnar Löfstedt, wa King's College London, achunguze sheria za usalama kazini. Mu ripoti yake aliomba HSE, ofisi ya serikali yenye kusimamia usalama kazini, ieleze waziwazi mambo ya kupima vyombo hivi, ili watu waache kufanya kupita kiasi. HSE ikatengeneza upya karatasi yake fupi yenye namba INDG236, juu ya vyombo vya umeme vya kubebeka mu mazingira ya hatari ndogo. Kuko pia kitabu kirefu zaidi, HSG107. Karatasi ile fupi njo nataka tuitazame.

Nitaanza na sifa, na ni sifa za kweli. Karatasi ile imeandikwa kwa lugha nyepesi. Inamuambia mwajiri asipoteze pesa. Inagawa kazi mu ngazi tatu. Ya kwanza ni mutumiaji mwenyewe kuangalia chombo mbele ya kukitumia. Ya pili ni mtu mwenye alifundishwa kuangalia kwa utaratibu, chombo kikiwa kimechomolewa, na kuandika. Ya tatu njo kupima na mashini. Na inasema wazi kwamba hitilafu nyingi zinaonekana kwa macho: waya wenye umekatika ngozi, fishi yenye imepasuka, alama za kuungua, waya wenye umeungwa na tepu, waya wenye umetoka mu fishi mpaka rangi za ndani zinaonekana. Kwa hayo hauhitaji mashini ya dola mia nyingi. Unahitaji macho, na mtu wa kukusikiliza.

Napenda pia vile inatofautisha vyombo. Haiseme "kila kitu, kila mwaka". Kwa kompyuta ya meza inapendekeza kuangalia kwa utaratibu kila miaka 2 mpaka 4. Kama iko na ngozi mbili za kuzuia kuranti, hakuna kuipima na mashini. Kama sivyo, mpaka miaka 5. Kwa birika ya chuma yenye inategemea tere, kuangalia ni kila miezi 6 mpaka mwaka, na kupima kila mwaka 1 mpaka 2. Unaona mantiki: chombo chenye kinasogezwa, kinashikwa, kinapata maji na moto, kinaangaliwa mara mingi. Chombo chenye kinakaa kimya chini ya meza, mara kidogo. Wana-agronomia wenzangu, hii ni kama kufuata wadudu mu shamba: hauhesabu kila mmea kila siku, unapita zaidi pahali pa hatari.

Wajerumani nao wako na njia yenye ilinifurahisha. Kwao muda wa kuanzia kwa vyombo vya kubebeka ni miezi 6, na ku viwanja vya ujenzi miezi 3. Lakini kama wakati wa kupima unakuta hitilafu chini ya asilimia 2, unaweza kurefusha muda. Maana yake matokeo ya jana njo yanaamua kipimo cha kesho. Kwa mtu mwenye alifanya majaribio ya shamba, hiyo ni sayansi.

Sasa tuone mashini inapima nini. Kwa chombo cha chuma chenye tere, kuko vipimo viwili vikubwa. Cha kwanza: je, waya wa tere unatoka kweli ku jino la fishi mpaka ku mwili wa chuma? Upinzani unapaswa kuwa mudogo sana, karibu 0.1 om, pamoja na ule wa waya wa chombo. Cha pili: je, plastiki na vizuizi vya ndani vinazuia kuranti? Hapo wanasukuma volti 500 na wanataka upinzani usiwe chini ya megaom 1, na kwa chombo cha ngozi mbili, kile chenye alama ya mraba ndani ya mraba, megaom 2. Multimeta ya kawaida yenye tunanunua mjini inaweza kusaidia kidogo ku kipimo cha kwanza. Ku cha pili itakudanganya, juu inatumia volti za batri ndogo tu.

Vizuri. Lakini waza: kipimo cha kwanza kinaishia wapi? Kinaishia ku jino la fishi. Hakiingie mu ukuta. Mwingereza hana shida na hilo, juu ukuta wake unaangaliwa kwa njia nyingine, prize yake iko na tere, na fishi yake yenyewe iko na fizibo ndani. Lebo ya kijani inasema: "Mimi niko tayari, sasa ukuta ufanye kazi yake." Ni nusu ya mkataba. Ile etuvi ilivuka bahari na nusu yake ya mkataba, ikafika ku adaptatere ya Kadutu yenye haina nusu nyingine.

Tufanye hesabu, ni nyepesi. Tuseme waya wa ndani unagusa mwili wa chuma. Kama tere iko na njia yote iko na om 1, kuranti ya kosa ni 220 gawanya kwa 1: ampere 220. Disjonktere inaruka mara moja, mama hata hajui kitu. Kama tere haiko, hakuna kitu kinaruka. Sanduku linakaa na volti 220 likimungojea mtu. Mtu mwenye mikono ya maji, miguu chupu ku sima, tuseme mwili wake ni om 1000: miliampere 220. Karibu miliampere 10 misuli inaweza kukaza na mtu hawezi kuachia. Kupita 30, kama inadumu, moyo unaanza kuwa ku hatari. Mama yetu aliokoka juu alianguka, siyo juu ya lebo.

Na kule kutekenya kwa siku tisa mbele? Mafundi watawaambia kwamba kuko kutekenya kwenye hakutokane na chombo kibovu: kompyuta nyingi ziko na kichujio ndani chenye kinapeleka kuranti ndogo sana ku tere, na kama tere haiko, mwili wa chuma unakaa na nusu ya volti na unatekenya vidole. Lakini hata huko, kutekenya ni habari. Kunasema: hapa tere haiko. Kipimo chenye mama alifanya na mkono wake kilikuwa cha kweli kuliko lebo, na kilikuwa cha wiki ile.

Hapa njo lawama yangu ya kwanza ku karatasi ya HSE. Neno "hatari ndogo" linabeba jengo nzima bila kulitaja. Ofisi ya hatari ndogo kwao ni ofisi yenye tere ku kila prize, yenye fishi za fizibo, yenye disjonktere ya kweli, siyo fizibo yenye ilibadilishwa na waya wa shaba wa ralonje ya zamani. Mtu mwenye anaisoma akiwa Bukavu, Uvira ao Butembo ataona meza, kompyuta, birika, na atasema: "Sisi pia tuko hatari ndogo." Hapana. Ofisi yetu inafanana na yao ku meza tu. Najua, walijiandikia wao, hawakuniandikia mimi. Lakini vyombo vyao vinatufikia, lebo ikiwa bado imebandikwa. Sentensi moja ingetosha: kwamba yote haya hayana maana kama prize haina tere.

Wafaransa, wenye sisi tulikopa kwao maneno mingi ya umeme, walianza upande mwingine. Kwao, mu amri ya tarehe 26 Desemba 2011, kazi kubwa ni kuangalia mitambo ya jengo kazini kila mwaka, na inaweza kuwa kila miaka 2 kama ripoti ya mbele haikukuta kasoro. Wanaanza na ukuta. Kwetu sisi, kama pesa ni kidogo, ningesema tufuate utaratibu ule: ukuta kwanza, chombo kisha.

Na ukuta wetu uko na neno lake, lenye mwana-agronomia anaweza kulisema bila haya. Tere ni udongo. Ukichimbia fimbo ya shaba mu udongo wa mfinyanzi wenye maji, inapitisha vizuri. Mu kiangazi, Juni mpaka Agosti, udongo ule ule unakauka na upinzani unapanda. Ku mawe ya lava kama ya Goma ni shida zaidi. Tuseme fimbo yako iko na om 50: 220 gawanya kwa 50 ni ampere 4.4. Disjonktere ya ampere 10 haitasikia kitu! Itaona kama umewasha pasi ndogo. Njo maana fimbo peke yake haitoshe, inahitaji diferansieli ya miliampere 30, yenye inalinganisha kuranti ya kwenda na ya kurudi, na kukata kama kidogo kinapotea njiani. Hata pahali prize haina tere, diferansieli inaweza kukata wakati kuranti inapita mu mtu. Atasikia kipigo, lakini hakitadumu. Tahadhari moja: ku jenereta ndogo yenye haikuunganishwa na udongo, diferansieli inaweza kukaa kimya, juu kuranti haina njia ya kurudi. Ku jenereta muite fundi mwenye anajua, usibandike tu.

Lawama yangu ya pili ni nzito zaidi, na inatugusa sisi wa staji. Ngazi ya kwanza ya mwongozo ni mutumiaji. Yeye anaangalia, akiona kasoro anasema, chombo kinatolewa. Mu karatasi ni mustari mmoja. Mu maisha ni mulima. Stajiere mwenye halipwe, mwenye anangojea shefu amuandikie barua ya mapendekezo, atasema "etuvi hii isitumike"? Mama wa usafi, wa mukataba wa mudomo tu, atakataa kupanguza mashini? Yeye alisema, munakumbuka. Alisema kwa mtu mwenye alikuwa karibu naye, na mtu yule alikuwa na diploma ya kumujibu. Mfumo wote wa kuangalia kwa macho unasimama juu ya kitu kimoja chenye hakipimwe na mashini: je, mtu wa chini akisema, mtu wa juu anasimamisha kazi? Kama hapana, ngazi ya kwanza haiko, na ngazi mbili zenye zinabaki hazitamufikia kwa wakati.

Kwetu sheria iko. Kanuni ya kazi, sheria namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, inamuweka mwajiri ku wajibu wa afya na usalama kazini, na inazungumza juu ya kamati za usalama na usafi. Basi tusiseme kila mara kwamba "kwetu hakuna sheria". Iko. Chenye hakiko mara mingi ni mtu wa kuiuliza mu ofisi, kwa adabu, siku ya kawaida, siyo siku ya ajali.

Najua mutajibu nini, juu nilishasikia. Mwenzangu mmoja aliniambia: "Yaya, tuko na shida za mishahara, we unaleta mambo ya fishi?" Namuelewa. Na kuko jibu lingine lenye nguvu zaidi: kwamba kama tunaanza kudai vipimo kama vya Ulaya, watakuja watu wa kuuza lebo. Watapita mu maofisi na mashini ndogo, watabandika, watachukua dola, na ukuta utabaki vile. Hilo naliogopa kabisa. Waingereza wenyewe walianguka mu shimo hilo mpaka serikali yao ikaomba watu wapunguze. Njo maana siombi lebo. Ninaomba tusianze na lebo.

Tufikiri kama watu wa mbegu. Mufuko wa mbegu zenye zilithibitishwa uko na karatasi: aina, musimu, asilimia ya kuota, tarehe ya kipimo. Nani kati yetu angechukua mufuko wa miaka mitano, wenye ulikaa mu depo ya maji, akamupa mukulima kwa kusema "ona, waliipima"? Hakuna. Tungechukua punje 100, tukaziweka mu kitambaa chenye maji, tukahesabu kisha siku saba. Tulifundishwa kwamba karatasi inasema hali ya siku ile, pahali pale, na kwamba mbegu inaendelea kuishi na kufa kisha karatasi. Nilijua hayo yote kwa mahindi. Mbele ya sanduku la chuma lenye maandishi ya Kiingereza, niliyasahau. Hapo najiuliza kama shida ilikuwa ujinga wa umeme, ao ilikuwa ile heshima yetu kwa kila kitu chenye kinafika na alama ya Ulaya.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Karatasi ya INDG236 isomwe. Ni fupi, inasaidia, inafundisha kuangalia mbele ya kununua. Lakini mwenye anaisoma huku aongeze kurasa mbili zenye haziko: ukurasa wa ukuta, na ukurasa wa mtu mwenye anasema. Bila hizo mbili, ni mwongozo wa jengo lenye hatukai ndani.

Kesho ukifika kazini ao ku staji, fanya mambo haya. Angalia adaptatere zote za fishi za Kiingereza: kama hazina kipande cha tere, usiweke chombo cha chuma. Muombe fundi apime kama prize ziko na tere kweli, siyo tundu tu. Uliza kama diferansieli iko, na bonyeza kibonyezo chake cha kujaribu. Kama haikati, haiko. Toa ku kazi kila ralonje yenye iliungwa na tepu. Na uliza mtu wa usafi, kwa sauti ya heshima: "Mama, kuko kitu hapa chenye kinakutekenya?" Yeye anagusa kila kitu, kila siku, na mikono ya maji.

Mama yule ninakutana naye bado, siku zingine njiani ya Nguba. Ananiita "mtoto yangu" kama zamani, ananiuliza kama nilishapata kazi. Sijamuambia bado kwamba tarehe ya lebo ilikuwa imepita. Nimeandika hapa kwanza, juu hapa ni rahisi zaidi. Kwake nitaenda Jumapili.